Saladi ya makaroni na kamba isiyoitwa kiporo

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kigamboni, Dar es Salaam, mama wa watoto watatu. Anaandika: "Nilikula saladi ya makaroni yenye kamba kwenye harusi, ya baridi kabisa, nikaipenda mno. Jumapili iliyofuata nikaijaribu nyumbani. Makaroni yalikuwa makavu na magumu, kamba wakawa kama raba, na chini ya bakuli pakajaa maji meupe. Mama mkwe alionja kijiko kimoja, akasema hiki ni kiporo. Nifanyeje itoke vizuri bila mambo mengi, na wanangu wasiumwe matumbo? Friji yetu ni ndogo na umeme hukatika. Na je, ikibaki, naweza kumfungia mtoto aende nayo shule Jumatatu?"

Dada yangu, mama mkwe wako hakukutukana. Ametaja kwa jina lake kitu alichokionja. Kiporo ni chakula kilichopikwa kiliwe cha moto, kikabaki, kikapoa chenyewe. Saladi ya baridi hupikwa kwa kuukusudia ubaridi tangu maji yanapobandikwa: chumvi yake, muda wake wa kuchemka na ukavu wake, vyote vinapimwa kwa ajili ya friji. Wewe ulipika makaroni ya moto kama unavyoyapika siku zote, kisha ukayaacha yapoe. Ukibadilisha mambo machache tu, chakula kinakuwa kingine kabisa.

Makosa matatu uliyoyataja nayaona yana mama mmoja. Vitu vyako vilikutana bakulini vikiwa bado na joto na maji. Makaroni yenye joto hunywa sosi yote, ndiyo maana ukayakuta makavu. Kamba waliotoka kwenye sufuria huendelea kuiva wakiwa wamerundikana, ndiyo maana wakawa raba. Tango na mtindi hutoa maji polepole, na maji hayo yakajikusanya chini. Kwa hiyo sheria ninayokupa ni moja: kitu chochote kisiingie kwenye bakuli kabla hakijapoa na kukauka.

Sheria hii niliiona kwa macho nikiwa kijana, nikijifunza kazi kwenye jiko la hoteli moja ya ufukweni. Tuliandaa bakuli kubwa la saladi kama yako kwa ajili ya wageni wa mchana. Makaroni yalimwagiwa mayonezi yakiwa bado yanafuka mvuke, kamba wakafuata, bakuli likafunikwa na kusukumwa kwenye friji. Baada ya saa tatu mpishi mkuu akazamisha mwiko katikati na kuugeuza. Juu saladi ilikuwa baridi. Katikati ilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Mayonezi ilikuwa imekatika, mafuta yamejitenga na kung'aa juu ya kila kipande, na kamba wa katikati walikuwa wamekaa kwenye joto la mwilini muda wote huo. Alimwaga bakuli zima, pamoja na kilo kadhaa za kamba. Friji haipozi rundo, dada. Hupoza kilichotandazwa. Rundo la moto huweka joto lake tumboni kwa saa nyingi, na joto hilo ndilo shamba la vijidudu: kati ya nyuzijoto 5 na 60 huzaliana kwa kasi.

Tuanze na sokoni, kwa sababu kamba aliyechoka hakuna sosi itakayomfufua. Wewe unakaa Kigamboni, soko la samaki la Feri liko njiani mwako. Ukishuka kwenye pantoni upande wa Magogoni umeshafika. Nenda Jumamosi asubuhi na mapema, si saa saba mchana wakati jua limeshawapiga. Mwangalie kamba shingoni. Kichwa kiwe kimeshikana na mwili. Kikining'inia kwa uzi au kikidondoka ukimwinua, mwache. Ganda ling'ae na liwe gumu, lisiwe na madoa meusi kwenye maungio. Kisha mnuse bila aibu, muuzaji mzuri hachukii. Anukie bahari. Akinukia kama amonia, ile harufu ya chooni inayochoma puani, ondoka hata kama bei imeshushwa.

Kwa familia ya watu sita, nunua kilo moja ya kamba wazima wa ukubwa wa kati. Ukiwatoa vichwa na maganda utabaki na karibu nusu kilo ya nyama, ambayo inatosha. Usiwanunue wale wakubwa wa bei ya juu. Hao ni wa kuchoma, waonekane sahanini. Kwenye saladi unataka kamba anayeenea kwenye kijiko pamoja na makaroni mawili matatu. Nenda na deli lako dogo au ndoo yenye mfuniko, na ununue barafu palepale. Weka barafu chini na juu, kamba katikati ndani ya mfuko, wasiogelee kwenye maji ya barafu maana yanawatoa ladha.

Ukifika nyumbani, kazi ya kwanza iwe kutoa vichwa, kabla hujabadilisha hata nguo. Ndani ya kichwa cha kamba mna majimaji ya kumeng'enyea chakula, na akishakufa majimaji hayo huanza kuila nyama yake mwenyewe, kuanzia shingoni. Ndiyo sababu kamba aliyelala na kichwa huwa laini kama uji sehemu ya juu. Kisha menya maganda, pasua mgongo kidogo kwa ncha ya kisu, utoe ule uzi mweusi. Watu huuita mshipa, lakini ni utumbo wenye uchafu na mchanga. Vichwa na maganda usivitupe. Hapo ndipo palipo na nusu ya utamu wa chakula hiki.

Sasa sufuria. Utatumia moja tu, na maji yale yale, na hapa ndipo urahisi wenyewe ulipo. Bandika lita nne na nusu za maji, tia vichwa na maganda, yachemke taratibu dakika 20. Engua povu la juu. Maji yatageuka rangi ya chungwa iliyopauka na jiko litanukia pwani. Chuja, rudisha maji motoni, tia chumvi vijiko viwili vya mezani, vya kusawazisha. Usiogope kiasi hicho, kwani sehemu kubwa ya chumvi itabaki kwenye maji. Katika maji hayo watapita kamba kwanza, kisha ngisi kama unao, na mwisho makaroni. Makaroni yatakunywa supu ya kamba badala ya maji matupu, na mlaji atashangaa ladha ya kamba inatoka wapi hata kwenye kipande kisicho na kamba.

Kabla ya kuwatia, weka sinia la bati au la alumini kwenye friza. Hili usiliruke.

Kamba mbichi ana rangi ya kijivu na nyama yake hupitisha mwanga kidogo. Rangi nyekundu unayoiona akiiva ilikuwamo mwilini muda wote, imefungwa ndani ya protini. Joto huivunja protini hiyo na rangi inatoka. Lakini usimhukumu kwa rangi peke yake, maana ngozi huwa nyekundu kabla moyo wa nyama haujaiva. Maji yakishachemka, punguza moto yasitokote kwa fujo, watie wote kwa mkupuo, koroga mara moja. Mtazame mmoja pale mgongoni ulipopasua, kwenye sehemu nene karibu na shingo. Pakiacha kuwa kijivu na kuwa peupe hadi ndani, ameiva. Kwa kamba wa kati ni dakika mbili hadi tatu. Umbo nalo linasema: aliyeiva sawasawa amepinda kama mwezi mwandamo. Aliyejikunja akawa pete, shingo ikagusa mkia, huyo umemchelewesha na hakuna dawa ya kumrudisha.

Waopoe upesi, watandaze kwenye lile sinia la baridi, kila mmoja na nafasi yake. Utasikia sinia likilia. Dakika kumi tu wamepoa, na hawajanywa tone la maji. Wapishi wengi huwatumbukiza kwenye maji ya barafu. Wanapoa, kweli, lakini wanaloa, na maji hayo ndiyo utakayoyakuta chini ya bakuli kesho. Wakipoa waweke kwenye chombo chenye mfuniko, sehemu ya chini nyuma ya friji, ambako kuna baridi zaidi. Kazi hii ifanyike Jumamosi ile ile uliyonunua. Kwa friji ya umeme wa kukatika, kamba mbichi hawalali ndani ya nyumba. Maji ya supu nayo yapoze kwa kuweka sufuria kwenye beseni la maji yenye barafu, kisha yaingie friji mpaka asubuhi. Usiku huo utakuwa umebakiza kazi nyepesi tu.

Wengi wananiuliza kuhusu ngisi na pweza, nawe labda utavutiwa Feri ukiwaona. Ngisi mtie kama una hela ya nusu kilo, ila umuelewe. Ana milango miwili ya ulaini: dakika moja na nusu, au dakika 40 na zaidi. Katikati ya hapo ni raba tupu. Kwa saladi chukua mlango wa kwanza. Mkate pete nyembamba, mtie kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, hesabu hadi 80 taratibu, mtoe akawafuate kamba kwenye sinia. Kumbuka kuwa siku za mbalamwezi huadimika na bei hupanda, kwa sababu wavuvi wa taa wanapumzika. Pweza ni habari nyingine, anataka saa nzima ya moto mdogo, na ingawa ni mtamu sana akipoa, wewe umetaka chakula chepesi. Mwache kwa siku nyingine, wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapokupwa sana, akina mama wanapotoka miambani na vijiti vyao na pweza wakawa wengi sokoni.

Jumapili asubuhi, yachemshe tena maji ya supu kwa nguvu, upike makaroni gramu 400. Hapa wengi hukosea kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Maelekezo yale ni ya chakula cha moto. Wanga ukishapoa hujipanga upya na kukaza. Unaujua mwendo huu kwenye ugali wa jana na wali wa jana. Makaroni hayana tofauti. Yakiwa sawasawa kwenye moto, yatakuwa magumu kwenye friji. Basi pakiti ikisema dakika 9, wewe pika 11. Yaonje yakiwa ya moto, uyaone yamelainika kupita unavyopenda kidogo. Yakishapoa yatarudi pale unapopapenda. Ndiyo maana pia sikushauri kuyapika Jumamosi. Kila saa inayopita yanazidi kukaza.

Angalia pakiti kabla ya kulipa. Yatafute yaliyoandikwa kuwa ni semolina ya ngano ya durumu. Ngano hiyo ni ngumu, na makaroni yake huvumilia zile dakika mbili za nyongeza bila kupasuka. Ya ngano laini ni ya bei nafuu, lakini yakiongezwa muda hubomoka na kutoa ute. Umbo chukua fupi lenye mikunjo, yale yaliyosokotwa kama skrubu au yenye umbo la kombe, kwa sababu mikunjo hushika sosi. Zile tambi ndefu ziache. Zikipoa hushikana fundo, na mtoto akivuta moja anaondoka na bakuli.

Yakiiva, mwaga kwenye chujio, na sasa yasuuze kwa maji baridi. Najua umeambiwa makaroni hayasuuzwi. Ni kweli kwa chakula cha moto, kwani ule wanga wa juu husaidia mchuzi kushika. Kwenye baridi wanga huo hugeuka gundi. Ila nisikilize vizuri hapa: suuza kwa maji uliyoyachemsha na kuyapoza, au ya chupa, maji yale yale unayowapa wanao kunywa. Makaroni haya hayarudi tena motoni. Ukiyasuuza kwa maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa, umeweka uchafu juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Watu husema "kamba walituumiza" kumbe aliyewaumiza ni maji. Na barafu ni hivyo hivyo. Ya kugusa chakula iwe imetokana na maji safi.

Kung'uta chujio mpaka matone yaishe, kisha tandaza makaroni kwenye sinia, nyunyiza kijiko kimoja cha mafuta ya kula, yachanganye kwa mikono misafi. Yaache dakika 20 chini ya feni au karibu na dirisha, yafunike kwa kitambaa chepesi nzi wasitue. Ukishika moja likawa baridi na halikuachii maji kidoleni, liko tayari.

Mboga zitayarishe wakati makaroni yanakauka. Tango moja kubwa, lipasue katikati kwa urefu, toa mbegu kwa kijiko, kata vipande vidogo, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi. Baada ya robo saa lishike mkononi ulikamue. Utaona maji yanayotoka, karibu robo kikombe. Hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya bakuli lako. Kitunguu maji kimoja kikate chembamba ukifikiche na chumvi, ukisuuze, kama unavyofanya kwenye kachumbari. Hoho moja nyekundu au kijani, karoti moja iliyokatwa vipande vidogo badala ya kukwaruzwa, maana iliyokwaruzwa hutoa maji mengi. Mahindi matamu ya kopo ukipenda, yachuje sana. Nyanya sitii kabisa. Kwenye kachumbari nyanya ni malkia, lakini kwenye saladi inayolala friji huharibu kila kitu kwa maji yake. Majani ya giligilani, konzi moja, yakatwe mwishoni.

Sosi sasa. Mayonezi vijiko sita vya mezani, mtindi mzito usio na sukari vijiko sita, maji ya ndimu mbili, haradali kijiko cha chai, punje moja ya kitunguu saumu iliyosagwa, pilipili manga ya kutosha. Mtindi uchuje kwanza: uweke kwenye kitambaa safi juu ya bakuli, uingize friji usiku kucha, maji yatachuruzika na utabaki na kitu kizito kama siagi laini. Hapo umeziba kisima cha pili cha maji. Soma chombo cha mtindi vizuri, maana mwingi madukani una sukari na vanila, na vanila na kamba haviendi pamoja. Mayonezi nunua ya chupa. Ya kutengeneza nyumbani ni tamu, naipenda, lakini ina yai bichi, na penye watoto wadogo, wazee au mjamzito siiweki kwenye chakula cha kukaa muda. Na ikiwa kuna ambaye hajawahi kula kamba kati ya wanao, au kuna anayevimba midomo au kuwashwa akila viumbe wa bahari wenye maganda kama kamba na kaa, mpikie yake kando, kwa maji mengine. Ile supu ya maganda inatosha kumdhuru.

Ionje sosi peke yake. Inapaswa ikuzidie kidogo, chumvi na ukali wa ndimu vikupige ulimini. Ubaridi hupunguza ladha, na makaroni yatainywa. Sosi iliyokaa sawa kwenye kijiko cha kuonjea itakuwa imepooza ikifika mezani.

Kuna swali ambalo hukuuliza lakini najua litakuja, kwa sababu sisi watu wa pwani hatuishi bila nazi: kwa nini nisitumie tui badala ya mayonezi? Nimejaribu mara nyingi kwa sababu nililitamani sana. Tui zito lenye ndimu na pilipili mbuzi ni tamu ajabu likiwa vuguvugu. Tatizo ni kuwa mafuta ya nazi huganda yanaposhuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Ndani ya friji tui linakuwa chembechembe, linafunika ulimi kama nta. Limwache kwa kamba wa moto na wali. Ukitaka pwani isikike kwenye saladi hii, kata embe bichi vipande vidogo sana utie pamoja na tango. Uchachu wake unakwenda na kamba kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, na mama mkwe atalitambua mara moja.

Kuchanganya kuna zamu mbili. Saa moja kabla ya kula, changanya makaroni yaliyopoa, mboga zilizokamuliwa na theluthi mbili za sosi. Funika, ingiza friji, chombo kiwe kipana na kifupi, si ndoo ndefu. Kamba waache kwenye chombo chao. Wakati wa kupakua, ongeza theluthi ya sosi iliyobaki, geuza taratibu kwa miiko miwili ya mbao au vijiko viwili, kisha kamba na giligilani mwisho. Zamu ya pili ya sosi ndiyo inayorudisha mng'ao na ulaini baada ya makaroni kunywa ile ya kwanza. Na kamba walioingia mwisho hawajakaa kwenye ndimu muda mrefu, kwa hiyo hawajawa na ungaunga mdomoni.

Ndimu yenyewe nisiipite. Wapo wanaoamini kuwa ndimu huivisha kamba na kuua wadudu, kwa hiyo wanaweza kupunguza muda wa kuchemsha. Ndimu hugeuza nyama rangi, ikawa nyeupe kama iliyopikwa, lakini haiui vijidudu vya baharini kwa uhakika. Kinachoviua ni moto. Wachemshe waive, halafu ndimu ifanye kazi yake ya ladha.

Kuhusu matumbo ya watoto, mimi huangalia saa kuliko kitu kingine. Chakula kama hiki kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzijoto 32, kama Dar ya Januari na Februari, kiwe saa moja tu. Usibebe bakuli zima kulipeleka mezani. Pakua kiasi kwenye bakuli dogo, liweke juu ya sinia lenye barafu, likiisha rudi jikoni ukaongeze. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushikilia ubaridi wake kama saa nne. Jaza maji chupa mbili tatu za plastiki uziweke friza tangu Ijumaa. Zikishaganda, zinakuwa akiba yako. Umeme ukikata, zihamishie chini zikizunguka vyombo vya kamba na saladi, funga mlango, na waambie watoto maji ya kunywa yako kwenye mtungi. Ukirudi kutoka kanisani au popote ukakuta umekatika tangu alfajiri na friji imekuwa vuguvugu, kamba hao watupe. Najua uchungu wa kutupa kilo ya kamba. Usiwanuse ukaamua kwa pua, maana vijidudu vinavyoumiza watu mara nyingi havitoi harufu.

Kamba wakiwa ghali wiki hiyo, jodari wa kopo anafaa. Mchuje mafuta au maji yake yote, umvunje vipande vikubwa, umtie mwisho kama kamba. Makopo mawili ya gramu 170 yanatosha, na makaroni yapike kwenye maji ya chumvi ya kawaida. Jodari au nguru mbichi wa kuchemsha naye ni mzuri, lakini awe ametoka kwenye barafu mbele ya macho yako. Samaki wa aina hiyo wakikaa juani hujenga sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo kuchemsha hakuiondoi. Mtu huwashwa uso, anakuwa mwekundu, kichwa kinamgonga, na familia inadhani ni mzio. Kamba waliogandishwa wa dukani ni salama, ila wayeyushe ndani ya friji usiku kucha, si kwenye beseni juani, na ujue sehemu ya uzito uliolipia ni barafu.

Mama mkwe, mwite jikoni ile dakika ya kuonja sosi, kabla haijamwagwa. Kizazi chake kinaijua tambi kwa sukari, nazi na iliki, ya Idi na ya futari, kwa hiyo makaroni ya chumvi na tena ya baridi ni jambo geni ulimini mwake. Mpe kijiko, muulize kama ndimu imetosha. Yeye ameonja kachumbari na mchuzi wa kamba miaka mingi kuliko wewe na mimi, na akisema ongeza pilipili, ongeza.

Sasa la shule. Hapana, dada yangu, usimfungie. Ikibaki Jumapili na ilikuwa ndani ya friji, iliwe usiku huo au mchana wa Jumatatu nyumbani, basi. Kwenye begi la mtoto, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi mapumziko ya saa nne, chombo kinashinda kwenye joto saa nne nzima, na ndani mna kamba, mayonezi na makaroni yaliyopikwa siku moja kabla. Makaroni peke yake yana vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na huamka chakula kikikaa vuguvugu. Mfungie mkate wa siagi ya karanga na ndizi. Na kama atalia kwa sababu ameitamani, mwekee bakuli lake dogo kwenye friji lenye jina lake, alikute akirudi.